Unamlipa wakili akuoneshe ukweli, au akufichie?

Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaoishi mijini ama tumeshalifanya, ama tunadunduliza fedha ili tulifanye. Nalo ni kununua ardhi. Bei za viwanja kila mtu anazijua na kila mtu anazilalamikia, hivyo sitazigusa. Nataka tumtazame mtu mmoja ambaye siku ya kuandikiana huketi nyuma ya meza akiwa na muhuri na kidau cha wino. Huyo ni wakili. Swali langu ni hili: tunapomlipa wakili siku hiyo, tunakuwa tunanunua nini hasa kwake?

Kabla hujanijibu kuwa tunanunua usalama wa fedha zetu, nivumilie nikusimulie yaliyonikuta nyumbani kwetu Buha, baina ya Kasulu na Kibondo. Wahusika ni watu wa heshima na wengine wapo hai, kwa hiyo majina yao nitayaacha.

Kiwanja cha milioni nane

Tangu ulipoanza ujenzi wa barabara ya lami ya kutoka Kabingo kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu hadi Manyovu mpakani mwa Burundi, sisi wana Kigoma tulioko Dar es Salaam tumeanza kukumbuka kwetu. Hata wale waliokuwa wakisema hawarudi tena wanauliza bei ya kiwanja Kasulu mjini. Nami nilikuwa miongoni mwao. Dalali mmoja akanipigia simu kuwa kipo kiwanja pembezoni mwa mji, kina ofa, muuzaji ni Muislamu mwenzetu, anataka shilingi milioni nane. Nikafunga safari.

Nilikipenda kiwanja. Nyuma yake palikuwa na nyumba ya udongo ambamo aliishi mama yake muuzaji. Nilipouliza, muuzaji akanijibu bila kusita, "Mama atahamia kwangu, ameridhia." Nikaiangalia ofa, nikaona jina lililoandikwa si lake. Akasema ni la marehemu baba yake, na kwa kuwa yeye ndiye mtoto wa kiume pekee, hapana tatizo. Sikuuliza zaidi. Mtu mwenyewe ni wa swala tano, swafu ya mbele.

Siku hiyo hiyo ya Ijumaa, baada ya swala, dalali akatupeleka kwa wakili aliyemwita "wakili wetu". Mkataba ulikuwa umeshachapwa, umeachwa nafasi za majina na kiasi cha fedha. Ujira wake shilingi elfu hamsini, tuchangie nusu kwa nusu. Wakili yule aliniuliza mambo mawili tu: jina langu kamili, na kama fedha ninazo. Ningetia saini ndani ya robo saa, ila sikuwa na picha za pasipoti za kubandika kwenye mkataba, na wapiga picha walikuwa wameshafunga. Tukaagana tukutane Jumatatu. Kwa kuwa nilikuwa na siku mbili mkononi, nikapanda gari kwenda Kibondo kumjulia hali baba mdogo.

Makaburi ya Kibondo

Nilimsimulia baba mdogo habari ya kiwanja nikitegemea anipongeze. Yeye akanisimulia habari ya shamba lake, ambayo kwa miaka yote hajapata kunieleza kwa urefu.

Shamba hilo alilinunua mwaka 1998. Karatasi iliandikwa na mtu mmoja mwenye mashine ya chapa, si wakili wala mwanasheria, ikapigwa muhuri wa kijiji, mashahidi wakatia dole gumba. Msimu wa pili wa mahindi akaja mzee mmoja, akasimama kwenye mpaka wa shamba tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kusema neno. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu akasema: hapa ndipo palipokuwa nyumbani kwa baba yangu. Kumbe mzee yule na jamaa zake waliondolewa pale mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji, na ardhi yao ikagawiwa watu wengine. Aliyemuuzia baba mdogo alikuwa mtoto wa mmoja wa hao waliogawiwa.

Kesi ilizungushwa huku na huko hadi sheria mpya za ardhi za mwaka 1999 zilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, katika kifungu cha 15, inathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika vijijini baina ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977, hata kama ulifanyika kinyume cha sheria iliyokuwapo. Ukiwa mtunga sheria unaweza kuelewa kwa nini: kila mtu angedai alikotoka, nchi nzima ingekuwa mahakamani. Baba mdogo akashinda.

"Nilipotoka pale nimeshinda," akaniambia, "yule mzee akanifuata, akaniomba jambo moja tu. Akaniomba nisilime juu ya baba yake."

Ndani ya shamba, karibu na mwembe, palikuwa na makaburi matatu. Hayakuwa na alama. Baba mdogo alikuwa amelima mahindi na maharage juu yake bila kujua. Akaacha sehemu ile isilimwe, akafungua na njia ya kupita mpaka pale, na mzee yule aliitumia hadi alipofariki. "Mwanangu, karatasi yangu ilikuwa sahihi kabisa," akasema. "Lakini makaburi hayakuwamo ndani yake, kwa sababu hapana aliyeuliza, na mimi sikutaka kuuliza. Nililipata kwa bei rahisi, nikaogopa kuuliza." Kisha akaniuliza: "Huyo anayekuuzia wewe, baba yake alikufa akaacha nani na nani?"

Sikuwa na jibu.

Karatasi na haki

Jumatatu sikurudi kwa wakili wa dalali. Nilikwenda kwa wakili mwingine, binti mdogo wa umri lakini mtu wa makini, ambaye baba mdogo alielekezwa na jamaa. Nikamwambia nataka tuandikiane leo. Akaniuliza maswali hata nikachoka. Baba alifariki lini? Msimamizi wa mirathi ni nani, na barua ya mahakama ya kumteua iko wapi? Watoto wangapi? Mama yupo? Kodi ya ardhi imelipwa? Nani amekwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi kujua kama kiwanja hakina zuio wala deni? Nikamjibu kwamba muuzaji ni mtu mwaminifu. Akasema, "Mzee wangu, sijasema ni mwizi. Ninachosema ni kwamba hajawa mwenye mali."

Ujira wake ulikuwa laki tatu, na alikataa kumwakilisha muuzaji pamoja nami. Nilitoka pale nimenuna.

Lakini hesabu yake ilikuwa sahihi, na kwetu sisi Waislamu ilipaswa iwe nyepesi kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Marehemu aliacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, mmoja ameolewa Kibondo na mwingine Uvinza. Kwa mujibu wa Suratun-Nisaa, mjane ana thumuni. Kinachobaki hugawanywa, mwanamume akapata mafungu mawili na kila binti fungu moja. Basi tuigawe ile milioni nane: mama shilingi milioni moja, muuzaji milioni tatu na nusu, kila dada milioni moja na laki saba na nusu. Maana yake, ndugu yangu wa swafu ya mbele alikuwa ananiuzia kiwanja kizima wakati chake hakifiki hata nusu.

Nilipomkabili alinijibu jibu ambalo Buha utalisikia sana, na si Buha peke yake: kimila mabinti hawarithi ardhi. Hapo nilishtuka. Maana mtu huyu baba yake alizikwa Kiislamu, talakini ikasomwa, hitma ikasomwa, na mahakama zetu za mwanzo zina uwezo wa kugawa mirathi ya Muislamu kwa sheria ya Kiislamu. Dini ilifaa siku ya maziko, ilipofika siku ya kugawana ikatafutwa mila! Mafaqihi wa madhehebu yetu ya Shafi wanasema kuuza kisichokuwa chako, bila wewe kuwa wakili au walii wa mwenyewe, ni mauzo batili. Madhehebu ya Hanafi na Maliki wao wanayasimamisha mpaka mwenyewe aridhie. Kwa vyovyote vile, muhuri wa elfu hamsini haumuridhii dada aliyeko Kibondo kwa niaba yake.

Mtume (s.a.w.) alishatuonya kuwa yeye huhukumu kwa yale anayoyasikia, na kwamba atakayehukumiwa kupewa haki ya ndugu yake kwa ufasaha wa hoja zake, amepewa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haimhalalishii mtu haki ya mwenzake, mkataba wa robo saa utahalalisha nini? Na katika ardhi makemeo ni makali zaidi. Mwenye kudhulumu hata shubiri moja atavikwa shingoni kiasi hicho cha ardhi saba. Said bin Zayd, mmoja wa masahaba kumi waliobashiriwa Pepo, aliposhitakiwa na mwanamke mbele ya Marwan, gavana wa Madina, kwamba amemega ardhi yake, aliikumbuka hadithi hiyo na akaona bora amwachie anachokidai.

Kulipia kutojua

Sasa nirudi kwenye swali langu. Nilipokuwa kwa wakili wa kwanza nilikuwa nanunua nini? Nimejipekua sana, na jibu nililolipata si zuri. Sikuwa nanunua usalama, kwa sababu mtu anayetaka usalama huuliza. Jina la marehemu nililiona kwenye ofa kwa macho yangu. Mama yule nilimwona. Neno "ameridhia" nililisikia kwa mtoto wake, si kwake yeye, na alikuwa ameketi barazani hatua ishirini kutoka tuliposimama. Nilikuwa nalipa elfu ishirini na tano ili nisijue. Nilitaka mtu msomi anigongee muhuri juu ya shaka yangu, ili siku moja ikitokea rabsha niweze kusema: mimi nilipitia kwa wakili.

Huu ndio ugonjwa ninaotaka tuuangalie. Dhuluma nyingi za ardhi hazifanywi na majambazi. Hufanywa na watu wema watatu: muuzaji anayeamini mila inamruhusu, mnunuzi anayeona bei nzuri, na wakili anayesema kazi yake ni kuandika tu. Kila mmoja amekamilisha sehemu yake na kila mmoja ana wa kumsukumia lawama. Dada wa Kibondo ndiye asiyekuwa na wa kumsukumia.

Aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, haizungumzii swala wala funga. Inazungumzia kuandikiana. Inamwamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu, inataka mashahidi, na inamkumbuka hata mdhaifu asiyeweza kujisemea, ambaye inataka msimamizi wake amsemee kwa haki. Tazama jambo hilo: kwenye karatasi iliyokamilika, mnyonge naye ana msemaji. Karatasi yangu ya Kasulu ilikuwa na nafasi ya jina la muuzaji na jina la mnunuzi. Nafasi ya mama na mabinti haikuwamo.

Wala mtu asidhani kuwa hii ni habari ya Akhera peke yake na kwamba sheria za nchi zinamlinda anayefumba macho. Sheria ya Ardhi inamhesabu mnunuzi kuwa alijua jambo ambalo angelijua kama angefanya uchunguzi unaostahili. Na mwenye haki ana miaka 12 ya kuidai ardhi yake mahakamani. Kutojua kwa kutaka hakukupi ngao.

Hoja za wanaopinga

Najua nitaambiwa kwamba wakili si mufti. Kazi yake ni kulinda maslahi ya mteja wake, si kuwatafutia haki watu wasiomlipa. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Wakili wangu hakuwa na jukumu la kuwatetea dada wale. Lakini angalia alichofanya: kwa kunilinda mimi tu, kwa kuuliza maswali ambayo kazi yake inamtaka aulize, haki yao ikajitokeza yenyewe. Maslahi yangu ya kweli na haki yao havikuwa vitu viwili vinavyogombana. Vilivyogombana ni haka yangu na haki yao.

Nitaambiwa pia kwamba laki tatu ni fedha nyingi kwa mtu wa Kibondo, na mawakili huko ni wachache. Hilo ni kweli. Lakini mtu anayelipa milioni nane na kutaka wakili wa elfu hamsini hajakosa fedha. Na kwa asiyekuwa nazo kabisa, maswali makubwa hayahitaji shahada. Baba mdogo aliuliza la msingi akiwa amekaa kwenye kigoda.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Je, tukirudi nyuma hivyo, tutaishia wapi? Yule mzee wa makaburi naye alikuwa na haki, na sheria ikamfungia mlango. Naye huko alikohamishiwa aligawiwa ardhi ambayo huenda ilikuwa na mwenyewe. Nakiri kwamba zipo dhuluma za zamani ambazo hakuna mnunuzi anayeweza kuzifumua zote. Hatudaiwi hilo. Tunadaiwa tusiongeze mpya kwa mikono yetu, na yale ya zamani tukiyakuta tuyape njia ya kupita, kama baba mdogo alivyofanya. Kisheria hakulazimika kuacha hata shubiri.

Wakili wa kumchagua

Kwa hiyo ukitaka kununua ardhi, iwe Kasulu, Kigamboni au Tanga, mimi nakushauri haya. Mchague wakili wewe mwenyewe. Usikubali wa dalali wala wa muuzaji, na asiwe mtu ambaye hupata chochote pale tu biashara inapokamilika, kwa sababu huyo ana sababu ya kutouliza. Hakikisha ni wakili kweli na si kishoka. Jina lake na uhai wa leseni yake unaweza kuviangalia katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama au kwa kuuliza Chama cha Mawakili Tanganyika. Mkubaliane ujira kabla, kwa maandishi.

Kisha umpe kazi ya kweli. Afanye upekuzi ofisi ya ardhi. Kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ihusishwe, kwani ndiyo msimamizi wake. Kama ni nyumba ya mke na mume, ridhaa ya mwenza ipatikane kwa maandishi, maana sheria inaitaka. Kama ni mirathi, aione barua ya usimamizi na ridhaa ya warithi. Wewe mwenyewe nenda kwa majirani bila dalali, uketi, uulize nani alikaa hapa kabla. Fedha zipite benki. Na wakili akikuletea habari usiyoipenda, usimkasirikie kama mimi nilivyofanya. Hiyo ndiyo bidhaa uliyoilipia.

Utataka kujua kiwanja kiliishia wapi. Baba mdogo alimtafuta dada wa Kibondo, akamkuta hana habari yoyote. Familia ikaketi. Ikabainika kuwa mama hakuwahi kuridhia, alikuwa amenyamaza tu. Kiwanja hakikuuzwa. Laki tatu yangu haikurudi, na muuzaji tukikutana msikitini hunipa mkono bila kunitazama usoni.

Wenzangu Kariakoo wananicheka kuwa nimelipa wakili laki tatu ili nikose kiwanja. Sina la kuwajibu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lakini mara ya mwisho nilipopita Kasulu nilimwona mama yule amekaa barazani kwake, anapukuchua mahindi. Nikamtolea salamu, akaniitikia. Hakunijua mimi ni nani.

Wallahu a'lam.